Sauti Yangu Ilivyofika Shelui

Kwenye kundi letu la simu hakuna mtu mwenye jina. Siku unapoingizwa, msimamizi anakutumia masharti matatu: usitaje jina lako wala la mwenzako, usiweke picha ya uso, na kinachosemwa humu kisitoke humu. Halafu anakuambia uchague chakula kimoja ambacho mwili wako haukikatai, na hicho ndicho utakachoitwa. Mimi nilipoingia, jina la Mtama lilikuwa limeshachukuliwa, Mchele walikuwa wawili na hawapatani, na kulikuwa na bwana mmoja aliyejiita Viazi vya Kuchemsha, mcheshi kupita kiasi. Nikachagua Uwele. Nilijiona mjanja, kwa kuwa nilidhani mtu akiliona jina hilo atafikiria Dodoma, hatafikiria Singida.

Wote humo tuna ugonjwa mmoja, unaitwa siliaki. Ukila ngano, hata ile ya kulamba kwenye kidole, utumbo wako unaumia kwa ndani, na chakula kinapita bila kukujenga. Hakuna kidonge. Dawa ni kuachana na chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa, biskuti, na chochote kilichokaa jirani navyo. Watu wengi wa kwetu hawajawahi kuusikia ugonjwa huu, na ukiwaeleza wanakutazama kwa ile huruma anayopewa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Utemini, Singida mjini. Gauni langu moja la kitenge nililipunguza mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Fundi hahitaji mizani, nilijua ninakwisha. Wateja nao walijua, maana walikuwa wananipima kwa macho wakati mimi nikiwapima kwa futi. Mmoja akaninong'oneza kwamba siku hizi dawa zipo bure na wala nisione haya. Nilimkunjia kitambaa chake nikamrudishia, nikamwambia akatafute fundi mwenye afya. Baadaye nilijuta, alikuwa mteja mzuri na alikusudia wema. Lakini ndivyo nilivyo, mdomo unatangulia, mimi nafuata nyuma nikiokota.

Kwa hiyo majibu ya vipimo yalipotoka, katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa wetu, sikutaka mtu wa mtaani ajue. Nililitaka kundi hilo hasa kwa sababu halikuwa na jina la mtu.

Sijui kueleza raha ya kukuta watu waliopitia kile ulichodhani ni chako peke yako. Mchele mmojawapo alisimulia anavyopita mbele siku ya komunyo, padri anamwekea mkono kichwani bila kumpa mkate, na waumini waliokaa nyuma wanaanza kumhesabia dhambi. Viazi vya Kuchemsha alikataa keki kwenye harusi ya mdogo wake, na mpaka leo wakwe wa mdogo wake hawamsalimii. Mimi niliwasimulia habari za mwenye mashine ya kusaga. Nilimwomba asage mtama wangu alfajiri, kabla ya ngano ya mtu yeyote, na aisafishe mashine kwanza. Akaniuliza kama mtama wangu umeokoka.

Tulicheka sana humo. Lakini jambo tulilokuwa tunalirudia wote, wa bara kwa wa pwani, ni lile la kukataa chakula cha watu. Kwetu Unyaturu, ukikataa chakula cha mtu bila sababu inayoeleweka, umemwambia jambo. Hujafungua mdomo, lakini umeshamwambia kwamba unaogopa mkono wake. Wenzangu waliliona hilo kama usumbufu wa misibani na harusini. Mimi nilipolisoma nilikuwa nahisi baridi kwenye mikono, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye ukoo wetu wote ulikataa mkono wake, na mtu huyo ni shangazi yangu.

Siku ya majibu daktari aliniuliza kama kwenye familia yetu kulikuwa na mtu aliyewahi kudhoofika hivi, labda mtoto. Nikasema hakuna. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido kusubiri karatasi zangu, na pale kwenye benchi nikamwona mdogo wangu aliyekufa nikiwa mtoto. Namaanisha nilimwona. Tumbo lililovimba, miguu myembamba, makalio yaliyokunjamana, na ule uso wake wa kununa kama mzee aliyedhulumiwa. Nilirudi ndani bila kubisha hodi. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huenda. Bila kumpima siwezi kusema zaidi ya hapo. Huenda." Nilisafiri na neno hilo mpaka nyumbani.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijijini Sepuka. Mama, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameumia mgongo shambani na hakuweza kumbeba mtoto. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameachika, amerudi kwao, na yeye ndiye aliyeshika nyumba. Hakuzaa. Yule mtoto alimchukua kama wake, alimwogesha, alimbeba mgongoni hata akienda kuchota maji, na alimpa jina la utani la Kinyaturu ambalo nyumba yetu tu ndiyo ililijua. Sitaliandika hapa. Nimeshalisema mara moja mahali pasipostahili, na inatosha.

Sisi wengine tulikunywa uji wa mtama au wa uwele, mweusi, unaokwaruza koo. Mtoto huyu shangazi alitaka apate kilicho bora. Alikuwa na vijisenti vyake vya kuuza kuku, na kila gulio alinunua unga wa ngano, mweupe, laini, kitu cha watu wa mjini. Akampikia uji asubuhi na jioni, akaongeza maziwa na sukari, akamnywesha kwa kikombe cha bati cha kijani kilichobanduka rangi mdomoni. Mtoto aliupenda. Alipoanza kuharisha na kukonda, shangazi aliongeza uji. Alipozidi kukonda, akaongeza tena. Nakumbuka alivyokuwa anasema naye kwa Kinyaturu, anambembeleza anywe funda moja zaidi, na mtoto anakunywa huku analia.

Alikufa wakati wa kuvuna alizeti. Baada ya arobaini wazee wa ukoo wakakaa sebuleni kwetu, wakaniita. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Shangazi yako alipokuwa anampa mtoto uji, alikuwa anaonja kwanza?"

Msomaji asiye wa kwetu aelewe swali hilo. Anayekukaribisha pombe au uji huonja yeye kwanza, ndipo anakukabidhi. Inaitwa kutoa sumu. Mtu anayekupa bila kuonja, ana lake.

Nikasema, "Hapana, hakuwa anaonja."

Ilikuwa kweli. Hakuonja kwa sababu unga ulikuwa kidogo na alitaka wote uingie kwa mtoto. Hilo sikulisema, sikuulizwa. Na kuna jingine ambalo sikulisema, na hili ningeweza kulisema hata bila kuulizwa: kila asubuhi, shangazi akishatoka na mtoto kwenda kuota jua, mimi nilikuwa naingia jikoni nakomba ile sufuria kwa vidole. Uji ule ule. Nilikuwa nimesimama mbele ya wazee nikiwa mzima, na mkono wangu ndio uliokuwa ushahidi. Lakini kukomba uji wa mtoto mgonjwa ni wizi, na niliogopa fimbo. Nikatazama miguu yangu.

Wazee wakaamua kwamba ni uchawi, na shangazi akaondoka na lori la vitunguu, akiwa na furushi moja la nguo na kile kikombe. Alishukia Shelui kwa kuwa ndiko lori lilikosimama. Alibaki huko miaka yote, akawapikia madereva wa malori kwenye kibanda cha mabati kando ya lami. Nyumbani tulikatazwa kula kitu chochote kinachotoka kwake. Akituma sukari, mama aliipokea kwa adabu, akaipeleka kwa jirani.

Nilipopona kidogo, nilikwenda Shelui. Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Nilimkuta amenenepa, nywele nyeupe chini ya kitambaa, anasukuma chapati huku simu imebanwa kati ya bega na sikio, dereva anaagiza chakula akiwa bado njiani.

"Shikamoo shangazi."

Aliniangalia mpaka dereva akakata simu mwenyewe. "Marahaba mwanangu. Marahaba. Umekuja."

Alinifutia kiti kwa kanga yake. Na kabla sijasema lolote akaniwekea sahani, chapati mbili na nyama, akasimama pembeni ananitazama. Mimi nilikuwa nakitazama kitu kingine. Kile kikombe cha kijani kilikuwa juu ya ndoo ya unga, ndicho anachopimia ngano yake.

Ningeweza kusema: shangazi, naumwa, siruhusiwi ngano. Sentensi moja. Lakini angeniuliza ni ugonjwa gani, ningemweleza, na yeye si mjinga, angefika kwenye uji kabla yangu. Shangazi alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya: alijua moyoni kwamba hakumdhuru yule mtoto. Niliogopa kumnyang'anya hicho. Nikasema, "Nimeshiba, shangazi."

Aliiondoa sahani taratibu. "Najua," akasema. "Hata wewe. Najua."

Nikaacha aamini kwamba namwogopa. Nilipanda basi la kurudi mjini na nililia mpaka mwanamke wa kiti cha pili akaniuliza kama nimefiwa. Nikajiapiza kwamba nitarudi na unga wangu wa mtama, ulioletwa kutoka kwenye mashine safi, nimwombe anipikie, na nitakula mbele ya mtu yeyote anayepita barabarani. Nilitaka hilo tu. Kula kutoka mkononi mwake, aone.

Nilichelewa. Msimu wa sare za shule ulifika na kazi ikawa maji ya shingo. Ndipo Muhogo akaandika.

Muhogo alikuwa mama wa mtoto wa miaka miwili mwenye ugonjwa wetu, anaishi na mama mkwe wake katika mkoa wa mbali. Mkwe hakuamini. Alikuwa anampa mtoto mkate kwa siri, akisema mkamwana ana roho mbaya, anamnyima mtoto chakula. Muhogo akauliza kundini: kuna yeyote aliyempoteza mtoto kwa jambo hili? Nahitaji kitu cha kumwambia huyu mama. Mwanangu anakwisha.

Watu walimwandikia maneno ya kumtia moyo. Mimi nilikuwa natia vifungo kwenye shati, nikaona ile miguu myembamba tena, hapo kwenye kiti cha wateja. Nikaiweka sindano chini, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Niliongea dakika nne. Nilisema mimi mwenyewe nina ugonjwa huu wa ngano, na kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyeuawa na uji wa ngano. Nilisema shangazi yetu ndiye aliyempikia, kwa mapenzi, kila siku, na kadiri alivyokonda ndivyo alivyomzidishia, mpaka akamzika. Nilisema tulimfukuza kwa uchawi kumbe ni unga. Nilikuwa nalia. Na katikati ya kulia nikamtaja mtoto kwa lile jina la utani. Halikuwa jina lake la ubatizo, kwa hiyo hata sikuhisi kama nimevunja sharti.

Sikusema huenda. Nililisikia neno likija, nikaliruka, kwa sababu mama mkwe wa namna ile ukimwambia huenda atacheka na kukata mkate. Na habari ya kukomba sufuria sikuigusa.

Siku tatu baadaye Muhogo aliandika kwamba mkwe amelia, ameutupa mkate, na mtoto anakula ugali wa muhogo. Kundi zima lilishangilia. Mimi nilifurahi kweli, na furaha hiyo sijaikana mpaka leo. Sikujiuliza mkwe alilia kwa kusikia nini. Muhogo alikuwa amemsikilizisha sauti yangu, na mama yule, kwa uchungu wa kutaka wajukuu wa watu wengine wapone, alikuwa ameomba atumiwe. Akawatumia wanawake wa kanisani kwake. Nao wana dada zao, na dada zao wameolewa mikoani.

Kaka yangu alinipigia asubuhi moja nikiwa nafungua duka. Hakusalimia. "Sauti yako iko kwenye kundi la ukoo."

"Sauti gani?"

"Wewe unaniuliza mimi? Umemtaja mtoto. Nani mwingine anamjua mtoto kwa jina lile?"

Nikakaa juu ya marundo ya sare. Nilimuuliza baba amesema nini. Nilikuwa bado na tumaini, naona haya kulisema. Nilidhani kwamba sasa limetoka, basi wazee watajuta, watampelekea shangazi ng'ombe wa kuomba radhi, na yote yatakuwa yameisha bila mimi kufungua mdomo tena.

Kaka akanijibu. "Mzee amesikiliza mara mbili. Halafu akasema, 'Kwa hiyo hatukumwonea. Ni uji wake.'"

Nilimwambia kaka kwamba sivyo, kwamba shangazi hakujua, kwamba sauti yenyewe inasema ni kwa mapenzi. Akaniambia watu hawasikilizi hapo, wanasikiliza pale pa kuuawa. Nikamwambia daktari alisema huenda. "Mbona hukusema?" akauliza, na kwa kweli hakuniuliza kwa ubaya.

Niliandika kundini kwamba sauti yangu imetoka. Muhogo aliomba msamaha kwa maneno marefu, kisha akajitoa. Msimamizi akaongeza sharti la nne, hakuna kutuma sauti. Viazi vya Kuchemsha hakutania. Nilijaribu kuifuta ile sauti nikaambiwa muda wa kuifuta kwa wote umepita. Wiki ile ile mteja alikuja kuchukua sketi, simu yake ikaita mlio wa ujumbe, akabonyeza, na nikajisikia mwenyewe nikilia ndani ya duka langu. Hakunitambua. Alitikisa kichwa akasema, "Masikini, sikiliza huyu dada," akaniongezea sauti nisikie vizuri. Juu ya ujumbe palikuwa pameandikwa: umesambazwa mara nyingi.

Kesho yake nilibeba unga wangu wa mtama nikaenda Shelui.

Kibanda kilikuwa wazi lakini jiko halikuwashwa. Meza ya kusukumia chapati ilikuwa imesimamishwa ukutani, imekauka. Ndoo ya unga haikuwepo. Malori yalisimama, madereva wakachungulia, wakaenda kwa jirani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kile alichonifutia, simu mapajani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Shangazi hajui kusoma, hakupelekwa shule kabisa. Simu yake ni ya kusikilizia sauti za madereva. Mtu wa ukoo, simjui ni nani na sitaki kumjua, alimtumia na yangu. Alibonyeza bila kunitazama, nikasimama mlangoni na mfuko wa unga, tukasikiliza wote wawili dakika nne. Kwenye lile jina la utani midomo yake ilitembea.

"Naisikia kila siku," akasema. "Natafuta pale ulipokosea. Sijapaona. Nilimwongezea. Ni kweli nilimwongezea." Kisha akaniuliza, na aliniuliza kwa adabu, kama anavyouliza mtu aliyefika ofisini kwa wakubwa: "Kwa hiyo ni mimi?"

"Huenda ni ngano, shangazi. Huenda. Daktari alisema huenda, hakumpima, hakuna atakayejua."

"Humu hukusema huenda."

"Sikusema."

Aliitikia kwa kichwa. "Miaka yote hiyo wameniita mchawi," akasema, "na nililala vizuri, maana nilijijua." Alinyoosha simu. "Nifutie."

Niliichukua nikaifuta. Ilitoweka kwenye kioo, akasogea kuangalia mahali ilipokuwa. "Haipo tena?"

"Haipo."

"Kwa watu wote?"

Nikamwambia ndiyo, kwa watu wote. Akashusha pumzi. Uongo huo nimeusema nikiwa na akili timamu, na nikiulizwa tena nitausema tena.

Laiti ningenyamaza hapo. Lakini nilimwona alivyokunjamana kwenye kile kiti, na nilitaka kumpa kitu, chochote, na nilichokuwa nacho ni kimoja tu. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Shangazi, mimi nilikuwa nakomba ile sufuria. Kila asubuhi. Niliula uji ule ule na sikufa. Ningewaambia wazee siku ile, wangekuacha. Niliogopa fimbo."

Nilidhani atanipiga, au atalia, au atanisamehe. Alinitazama kwa mshangao mdogo.

"Mimi nilijua," akasema. "Unafikiri watoto wanajificha? Ndiyo maana nilikuwa naacha uji kidogo chini. Niliona na wewe ni mwembamba."

Halafu nikaona wazo likimwingia. Lilipita usoni taratibu na sikuweza kulizuia. Alinitazama shingoni, mabegani, kwenye gauni langu la kitenge nililolipunguza mara tatu.

"Na huo ugonjwa wako," akasema. "Basi na wewe nilikulisha mimi."

Nilimweleza kwamba siyo hivyo, kwamba mtu anazaliwa nao, umo kwenye damu ya ukoo wetu, haukutokana na mkono wake. Nilieleza kama daktari alivyonieleza, na zaidi. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima na hasikii. Mwishowe nikauweka mfuko mezani. "Nimekuja na mtama, shangazi. Ni safi. Nipikie ugali, nina njaa. Nataka kula chakula chako."

Alirudisha mikono yake nyuma, akaificha chini ya kanga.

"Pika mwenyewe," akasema.

"Shangazi, tafadhali."

"Siwezi kukupikia mwanangu. Pika mwenyewe. Sufuria ile ya juu ni mpya, nilinunua juzi, haijawahi kuguswa na ngano. Nilisema labda utakuja."

Niliwasha jiko. Nilipotafuta cha kuchotea unga mkono wangu ukaenda kwenye kile kikombe cha kijani, kilichokuwa kimefunikwa juu ya dirisha, kimesuguliwa mpaka bati limeonekana. "Usitumie hicho!" Alipiga kelele hata dereva aliyekuwa anapita akageuka. Nikachota kwa kiganja. Nilisonga ugali huku yeye amesimama mlangoni, mbali na unga, akiniambia maji yamechemka, akiniambia geuza, na hakuvuka kizingiti.

Nilipoweka sahani moja, ya kula wote kama ilivyo kwetu, alinawa mikono. Akanawa tena. Akamwaga maji, akachota mengine, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akakaa, akaikunja mikono yake mapajani, akasema, "Kula wewe kwanza."

Nilikula. Nilikuwa nimesafiri kwenda kula kutoka mkononi mwake, nikala kutoka mkononi mwangu, na yeye ananitazama kila tonge linavyoshuka. Nilipomaliza alisogeza kiti karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumbo linauma. Nikamwambia haliumi. Akasubiri kidogo, akaniuliza tena.